Mengineyo

Kila Jumamosi, saa kumi jioni, Pasua,
nyuma ya mashine ya kusaga ya kina Kimambo,
tunafungua sanduku lenye kufuli tatu.
Tunahesabu, tunakopeshana, tunatozana.
Mimi ndiye katibu. Mwandiko wangu unasomeka.
Na kabla ya sala ya kufunga
mwenyekiti huuliza: Kuna mwenye dukuduku?
Nami, hajamaliza hata kuuliza,
nimeshaandika chini ya Mengineyo:
Hakuna.

Miaka tisa nimelitumia neno hili
kama kijiko cha kuazima,
sijawahi kukigeuza nione kimeandikwa nini mgongoni.

Malalamiko yana mdomo. Yanakwenda kwa balozi,
yanataka muhuri.
Kinyongo kina anwani: kinaijua nyumba, kinaujua mlango,
kinamjua hadi mbwa.
Kununa, hata mtoto wa chekechea anajua.
Dukuduku halina uso.
Lina sauti tu, nayo ndogo,
du-ku, du-ku,
kama mkanda wa mashine hii ulivyolegea:
unga unatoka mweupe, laini, kilo ni kilo,
na bado msagaji anainamisha kichwa, anasikiliza.
Hawezi kusema mashine ni mbovu.
Kusema ni nzima, hawezi pia.

Desemba tuligawana.
Aikaruwa, mchambuzi wa kahawa kiwandani,
ambaye vidole vyake huijua punje mbovu hata gizani,
alipokea laki tatu na elfu arobaini na mbili.
Akahesabu. Akarudia.
Sawa? Sawa.
Umeridhika? Nimeridhika.
Sahihi yake ikatambaa hadi nje ya mstari.
Kisha hakuinuka.
Wenzake walishafika Rombo kwa maneno,
nauli imepanda, mbuzi amepanda, soda kreti ngapi,
yeye amekaa na pesa mapajani
kama aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake.
Una dukuduku, mama?
Sina, baba. Hesabu iko sawa.

Na kweli ilikuwa sawa. Niliipiga mimi.

Usiku umeme ukakatika.
Nikafungua daftari kwa tochi ya simu,
nikirudi nyuma, Novemba, Agosti, Juni,
sijui natafuta nini.
Machi, tarehe kumi na nne, mwandiko unaosomeka:
Aikaruwa Elinami. Hakufika. Hakutoa taarifa.
Faini elfu mbili.
Jumamosi iliyofuata, ukurasa wa pili:
Rambirambi, Aikaruwa, kufiwa na mtoto, elfu ishirini.
Na mstari wa chini yake, wino uleule:
Faini, Aikaruwa, elfu mbili. Imelipwa.

Nikakumbuka kanga aliyojifunga.
Nikakumbuka alivyozichomoa noti mbili
katika zile tulizomkabidhi sasa hivi, mikono miwili, kwa pole nyingi,
akazirudisha mezani,
nami nikasema asante
nikagonga muhuri.
Katiba haikuvunjwa. Hakuna aliyekohoa.

Nilitaka nimrudishie. Niliziweka kabisa kwenye bahasha.
Lakini nilishamsikia: Ahsante, baba, Mungu akubariki.
Nilishaona kalamu yangu inavyokimbilia
neno lake la siku zote.
Bahasha bado iko ndani ya Biblia, mahali pa Ayubu,
si kwa kupanga, ndipo ilipofunguka.

Januari, kikao cha kwanza.
Matope mlangoni, watu wamenenepa, mlima umejifunika.
Kuna mwenye dukuduku?
Mara ya kwanza nilimwacha amalize.
Nje mkanda ulikuwa unapiga,
du-ku, du-ku,
hakuna aliyewahi kuubadilisha.
Aikaruwa alitazama vidole vyake,
akavisugua, kama vimeshika punje
asiyojua aiweke fungu gani.
Hakusema.
Nikaandika Mengineyo, nikaweka nukta mbili,
nikaruka mistari minne.

Mwenyekiti akainama begani kwangu,
akauliza kwa nini naharibu karatasi.